Betri, Chumvi na Barabara ya Ndagoni

Jumatano, 2 Julai

Nimechomoa chaja ya betri ya baiskeli baada ya chai. Vijiti vinne vya chaji kwenye kioo. Cha tano nitakijaza jioni kwa sababu kesho ni Alhamisi, siku ya Ndagoni. Betri isikae imejaa bila kazi. Isikae tupu pia. Ikirudi safarini ipoe kwanza ndipo ichajiwe. Isione jua. Hayo ndiyo masharti, na nimeyashika tangu mwaka jana bila kuvunja hata moja.

Inakaa chumba cha kati, juu ya kigoda, mbali na dirisha na mbali na mtungi wa maji. Ndicho chumba chenye ubaridi kuliko vyote katika nyumba hii. Mwanakombo, binamu yangu ninayeishi naye hapa Kilindoni, alikuwa akilala humo kabla sijaleta baiskeli. Sasa analala chumba cha mbele na kila asubuhi analalamika kwa furaha. Betri anaiita mwari. Leo tena: "Da Zuhura, mwari ameshakula?" Mwari hatolewi juani. Mwari hapigwi na upepo wa bahari. Namwambia acheke, lakini yote mawili ni kweli.

Baiskeli yenyewe niliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akifundisha watalii kupiga mbizi kule Utende. Alikuwa anarudi kwao. Ilikuwa imeshatembea sana. Betri ni hiyohiyo iliyokuja nayo, na nyingine ya kuingia kwenye fremu hii haipo kisiwani wala fundi hajaipata Dar. Nyonga yangu haikubali tena pikipiki tangu bodaboda aliponiangusha, mwezi wa kwanza wa kurudi kwangu. Baiskeli ya miguu mitupu siifikishi hata sokoni. Kwa hiyo hesabu ni fupi: bila betri, hakuna Ndagoni.

Alhamisi, 3 Julai

Ndagoni. Nimekwenda na kurudi, na kijiti kimoja kimebaki. Barabara kavu, mchanga mzito baada ya minazi.

Hadia alikuwa ameshakaa barazani, uso ameuelekeza njiani ingawa haoni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Huyu ni ndugu yangu wa ziwa. Mama yangu alifariki nikiwa mchanga, nikanyonyeshwa na mama yake Hadia, tukalala mkeka mmoja mpaka baba aliponichukua kwenda Maskati kwa jamaa zake. Nilikuwa kigoli. Nimerudi nywele nyeupe. Katikati ya hapo ni kazi ya maktaba ya shule, mume, watoto, na maziko ya mume. Nilirudi na masanduku mazito sana. Watu bandarini walidhani ni dhahabu. Vitabu.

Ninamsomea mojawapo. Riwaya ya Kiarabu, naigeuza Kiswahili papo hapo. Mjane mmoja ana kisima, na tajiri wa mji anakitaka. Mwanzoni tulikuwa wawili. Sasa baraza inajaa wanawake na ukindu wao, wanasuka mikeka wakisikiliza, na kila mmoja ana shauri la kumpa mjane. Tatu, jirani wa Hadia, ndiye mwenye sauti kubwa. Anataka mjane aolewe na mchukuzi wa maji. Leo mchukuzi alitokea kidogo tu kwenye sura. Tatu alinitazama kana kwamba nimemficha mimi.

Mwishoni Hadia akatoa habari. Mwanawe wa Dar anakuja kumchukua. Hospitali wamekubali kumpasua macho, na baada ya hapo atakaa kwa mwanawe. Mpaka lini? Mpaka itakapokuwa. Wanaondoka Ijumaa ya tarehe kumi na nane.

Nimefurahi kwa ajili ya macho yake. Kwa ajili yangu sikufurahi. Tuna Alhamisi mbili na kitabu hakijaisha. Nimeahidi tutakimaliza pamoja. Niliahidi haraka, kabla ya kupiga hesabu ya kurasa.

Jumamosi, 5 Julai

Umeme ulikatika jana mchana kutwa. Betri ilibaki na kijiti kimoja, na mimi nikazunguka kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Ulirudi Magharibi. Mwanakombo alinisikia nikisema alhamdulillahi, akauliza nani amejifungua.

Nimeusoma mwisho wa riwaya peke yangu, kwa mara ya tatu maishani. Nilikuwa nimesahau. Mjane anauhama mji. Anafunga kisima, anampa mchukuzi ufunguo, anaondoka na msafara. Mwandishi anasema hakugeuka nyuma. Ndiyo sentensi ya mwisho.

Sipendi kumsomea Hadia sentensi hiyo siku moja kabla ya safari yake. Sipendi hata kidogo.

Alhamisi, 10 Julai

Siku njema, na ujinga wangu mmoja.

Ujinga kwanza. Leo ni bamvua, na asubuhi maji yalikuwa yametoka mbali. Nikaona mchanga wa pwani umekauka, mgumu kama sakafu. Nikakwepa kipande kibaya cha barabara kwa kupita huko. Raha ilioje. Mota hailalamiki, upepo usoni, kaa wananipisha. Kurudi mchana nikarudia njia ileile, na maji yalikuwa yanajaa kwa kasi kuliko nilivyokadiria. Mtu aliyezaliwa hapa hafanyi kosa hilo. Nilizaliwa hapa, lakini miaka mingi nimeishi mahali ambapo bahari ilikuwa ya kutazama tu kutoka kwenye gari. Mawimbi mawili matatu yaliniwahi. Sketi imelowa, mnyororo umelowa, betri imerukiwa na maji ya chumvi ubavuni.

Nimeifuta kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Sina wasiwasi sana. Imetengenezwa kuvumilia mvua. Nimeiacha kwenye baiskeli, uani, chini ya kivuli, ipoe. Nitaiingiza baadaye.

Uzuri sasa. Tumesoma sana. Tajiri ameingia kisimani kwa bahati mbaya na hakuna anayetaka kumtoa. Wanawake walicheka mpaka ukindu ukawatoka mikononi. Tatu akasema wamtupie kamba fupi. Imebaki sura moja.

Ijumaa, 11 Julai

Nina hasira. Naandika ili zipungue.

Jana nilisahau kuiingiza. Asubuhi nikaenda kliniki ya presha, ufunguo wa betri nimeuacha palepale kwenye tundu lake. Niliporudi nilimkuta jirani yetu Faki uani kwetu, kifua wazi, anatabasamu kama mtu anayesubiri kushukuriwa. Baiskeli inang'aa. Betri haing'ai, kwa sababu haikuonekana. Ilikuwa ndani ya pipa la maji.

Faki ni mvuvi mwenye boti ya mashine. Kila akirudi kutoka baharini huutia mguu wa mashine kwenye pipa la maji baridi, ndivyo tunavyoyaita huku maji yasiyo na chumvi, anaiwasha na kuiacha iteme chumvi yote. Hajawahi kuruka siku. Mashine yake ni nzee na haijala kutu. Aliona chumvi imekauka kwenye baiskeli yangu, akanihurumia. Mwanakombo akamfungulia mlango na kumchotea maji.

"Nimeiacha iloweke vizuri, bibi," akasema. "Chumvi ya ndani ndiyo mbaya."

Baada ya hapo alikuwa na nia ya kuipaka mafuta ya nazi. Matundu ya betri alikuwa ameshayapaka kabla ya kuiloweka.

Nilimkaripia. Kwa sauti. Nilimwambia maneno ambayo mengine yalikuwa ya Kiarabu, na nashukuru hakuyaelewa. Alisimama na kopo mkononi, jitu zima la miaka arobaini. Kisha akasema polepole kwamba kwake yeye kila kitu chenye mota huoshwa. Hilo likaniongezea hasira.

Betri haiwaki. Vijiti vyote vimezimika. Alhamisi ijayo ndiyo ya mwisho.

Jumamosi, 12 Julai

Fundi Shomari, yule wa simu na sola karibu na soko, amekuja mwenyewe nyumbani kwa sababu nilimkataza mtu yeyote kuipandisha betri iliyolowa kwenye bajaji. Ni kijana anayejiamini sana. Akaifungua barazani. Ndani, seli zimepangwa safu safu, kama betri za tochi lakini nene zaidi. Maji yalitoka. Akainamia, akanusa, akaniangalia.

"Bibi, hii betri au nywele?"

Mafuta ya nazi. Mwanakombo alilazimika kuingia ndani kucheka.

Fundi anasema baadhi ya seli zimekufa, nyingine hajui bado. Zikauke kwanza. Si juani, si jikoni. Ikae nje ya nyumba, kwenye karai la mchanga, mbali na makuti, maana betri ya aina hii ikilowa inaweza kushika moto yenyewe hata ikiwa imetulia. Hilo nilikuwa nalijua. Mwanakombo hakuwa akilijua. Ameshahamisha jiko lake la mkaa mpaka upande wa pili wa uwanja, na anapita mbali na karai huku amekusanya kanga.

"Mwari kapandisha mashetani," anasema.

Jumapili, 13 Julai

Asubuhi Faki alikuja na feni ya nyumbani kwake begani, ile ya kusimama. "Shikamoo bibi." "Marahaba." Akavuta waya mpaka barazani, akaielekeza kwenye karai, akakaa kando yake. Leo hakwenda baharini.

Adhuhuri umeme ukakatika. Nikamwambia aende zake akapumzike. Badala yake akachukua kipepeo cha Mwanakombo cha mkaa, akaanza kuipepea betri kwa mkono. Aliipepea mpaka Alasiri. Watu waliotoka msikitini walisimama kuuliza nani mgonjwa. Mzee mmoja aliinua viganja, akasoma dua, kisha ndipo akachungulia kwenye karai. Akarekebisha kofia yake akaenda.

Hasira zimekwisha. Sikuziaga, nimekuta tu hazipo. Jioni nilimwambia Faki kwamba hata mimi niliipitisha baharini kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo tumeshirikiana. Akafikiri kidogo. Akasema tukigawana, yeye achukue fungu dogo.

Jumatatu, 14 Julai

Kumekucha mawingu, feni inazunguka. Fundi atarudi kesho.

Nimejaribu njia nyingine zote. Gari la kukodi: bei ni ya watalii, siiwezi. Bajaji: dereva anasema mchanga wa Ndagoni ulishamvunjia ekseli, na hata nikimlipa haendi. Boti ya Faki: upepo wa kusi umepamba moto, na kule hushukii gatini, unaruka majini mpaka kiunoni. Nyonga ilijibu kabla yangu. Bodaboda: nimesimama karibu na kijiwe chao kama mtu anayechagua samaki. Kijana mmoja akaniambia, "Panda bibi, nakupeleka kama yai." Yule wa kwanza aliniambia hivyohivyo.

Simu: Hadia haipendi, anasema sauti ya simu haina uso. Tukajaribu hata hivyo. Tatu ndiye aliyeishika upande wa Ndagoni, na kwa sababu mtandao unakatika alikuwa akirudia kila sentensi kwa sauti ili wote wasikie. Kila sentensi aliirekebisha. Katika ukurasa mmoja mchukuzi wa maji alishaposa na mahari imekubaliwa. Nikafunga kitabu. Sijui Hadia amesikia riwaya gani.

Nasikitika, tena kwa kiasi ambacho sikukitegemea. Miaka yote ya Maskati sikuwa na siku maalumu ya kwenda popote. Hapa nilikuwa na Alhamisi.

Jumanne, 15 Julai

Inawaka.

Shomari alikaa nayo tangu asubuhi, ulimi kautoa kidogo pembeni mwa mdomo. Amezitoa seli zilizokufa na nyingine chache nzima, ili kila safu iwe sawa na mwenzake. Safu zikitofautiana, alieleza, zenye nguvu zinazichosha zilizo nyonge. Kibao cha umeme kimepona. Amekisafisha kwa spiriti na mswaki mpya niliomnunulia. Tumechaji taratibu, nje, watatu tukiitazama. Haikupata joto. Kijiti cha kwanza kilipotokea, Faki alipiga makofi mara moja kisha akaona haya.

Jioni nimejaribu mpaka uwanja wa ndege na kurudi. Mwendo ni uleule. Pumzi sivyo. Safari ambayo ilikuwa haitikisi hata kijiti kimoja leo imekula karibu viwili. Shomari anasema hivyo ndivyo itakavyokuwa, niizoee. Aliniambia kwa upole kwamba betri hii sasa ni nzima lakini haina haraka ya kwenda mbali. Aliponitazama aliona ni kama amenieleza na mimi, akaanza kukusanya vyombo vyake.

Jumatano, 16 Julai

Nimepiga hesabu mara tatu. Vijiti vitano, msaada wa mota uwe mdogo kabisa, niende polepole kwenye lami na nisaidie kwa miguu pale ardhi inapokuwa ngumu. Nafika Ndagoni. Pengine. Kurudi, hapana, labda ichajiwe huko, na kwa chaja hii hiyo ni kazi ya usiku kucha.

Sijawahi kulala Ndagoni tangu baba aliponichukua. Hadia amenialika zaidi ya mara moja. Kila mara nimesema lazima nirudi kabla betri haijaisha. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Naogopa kuamka katika nyumba ile niliyoondolewa nikiwa mtoto. Naandika tu, sina la kuongeza.

Nimefunga chaja kwenye mkoba, pamoja na kitabu, vidonge vya presha na nguo ya kulalia. Mwanakombo ametia halua ya Hadia. Ameuliza kama mwari anakwenda kwa mume. Nimemwambia anakwenda kufanya kazi.

Ijumaa, 18 Julai
Ndagoni, asubuhi

Jana sikuandika. Naandika yote sasa, uani kwa Hadia, betri iko miguuni pangu.

Faki alinisubiri mlangoni na baiskeli yake ya kawaida. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga kamba ya nanga. Nikamuuliza ya nini. Akasema boti ikiharibikiwa huvutwa na mwenzake, haiachwi. Nikamwambia sijaharibikiwa. "Bado," akasema.

Kwenye lami nilijizuia kama mtu wa saumu. Faki mbele, mimi nyuma, hata kuku walitupita. Lami ilipoisha vilikuwa vijiti vitatu. Kwenye mchanga vikawa viwili, kisha kimoja, na minazi ya Ndagoni haijaonekana bado. Kioo kikaanza kupepesa. Nikamwita Faki. Alishuka, akafungua kamba, akanifunga usukani kwa fundo ambalo nisingeweza kulifungua hata kwa wiki, akaanza kuvuta. Nilizima mota nikawa naongoza tu. Aliimba. Wimbo wa kuvuta nyavu, na si mistari yote ya kusikilizwa na mwanamke wa umri wangu. Niliicheka yote.

Tulipoanza kuona nyumba nikamwambia afungue fundo. Nilitaka kuingia mwenyewe. Akafungua kwa meno. Nikawasha. Kile kijiti kimoja kilichobaki kilinifikisha mpaka barazani kwa Hadia, kikazimika mbele ya wanawake wote na mikeka yao. Tatu akasema kwa sauti kubwa kwamba amesikia baiskeli yangu iliogeshwa kama bi harusi na ikapakwa mafuta. Habari zilikuwa zimeshafika. Faki akapewa maji ya kunywa, akaulizwa kama anaosha na redio. Alikunywa, akaaga, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Kisha nikasoma. Sura ya mwisho ni fupi. Nilifika kwenye ufunguo, nikafika kwenye msafara. Nilisita. Ningeweza kubadilisha, ni mimi tu niliyejua Kiarabu pale, na Tatu angeniunga mkono. Lakini nilimtazama Hadia, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza kwa mwili mzima. Nikasoma kama ilivyoandikwa. Mjane akaondoka, na hakugeuka nyuma.

Ukindu umesimama.

"Ndiyo basi?" Tatu akauliza.

"Ndiyo basi."

"Karatasi zilimwishia huyo."

Wengine wakaanza kubishana. Mmoja alisema mjane amekosa, mwingine akasema mchukuzi ndiye aliyekosa, angemfuata. Hadia aliwaacha waseme. Kisha akanyoosha mkono akaushika wangu, akaupata mara ya kwanza bila kupapasa.

"Kwani kuondoka ni nini," akasema. "Wewe hukuondoka? Sasa nani ananisomea?"

Wakacheka wote. Mimi nilifunga kitabu nikatafuta miwani yangu, ambayo nilikuwa nimeivaa.

Betri ilipopoa niliichomeka ndani. Hadia aliniomba aishike. Akaiweka mapajani, akaipapasa pembe zote, akauliza inakula nini na kwa nini ina kovu. Nikamsimulia habari ya pipa. Alicheka mpaka akalia, na machozi kwenye macho yale yalinitisha kidogo. Tulilala kitanda kimoja kwa sababu wageni wa kumuaga walikuwa wamejaa. Alikoroma. Nilidhani sitalala. Nililala kama gogo, nikaamka kwa jogoo na harufu ya maandazi, na ile hofu niliyokuja nayo sikuiona popote. Ilikuwa nyumba tu, yenye watu wanaotafuta kandambili.

Mwanawe alimchukua alfajiri, mapema, ili wawahi boti. Hadia alikaa mbele kwenye gari na halua mapajani. Hakutaka tulie. Alisema anakwenda kutazamwa macho, hazikwi, na atakayelia asimwangalie akirudi, maana atakuwa anaona vizuri sana.

Vijiti vitano. Jua likishapanda kidogo nitarudi Kilindoni. Tatu ananilazimisha ninywe chai ya pili.

Jumamosi, 19 Julai

Nimefika jana salama, bila kuvutwa. Njia ya kurudi ina mteremko kidogo ambao sikuwahi kuujua wakati betri ilikuwa na nguvu. Kijiti kimoja mkononi.

Hadia amepiga simu kutoka Dar, yeye mwenyewe, bila kulazimishwa. Boti ilimrusha tumbo. Gari zina kelele. Daktari amemwona na amempangia jicho moja kwanza. Akaniuliza habari za betri kabla hajauliza habari zangu. Nimemwambia imelala.

Jumanne, 22 Julai

Mvua ndogo asubuhi. Nimepanga vitabu upya, kwa urefu, kisha kwa lugha, kisha nikaviacha.

Nilimuuliza Shomari namna ya kuihifadhi betri ambayo haitatumika kwa muda. Anasema iachwe nusu. Si tupu, si tele, mahali pakavu, na iangaliwe kila mwezi. Niliichaji mpaka vijiti viwili na kidogo, nikachomoa. Nikaifunika kitambaa. Chumba kile kilionekana kikubwa ghafla. Mwanakombo alisimama mlangoni, hakufanya mzaha wowote. Aliniuliza tu kama arudishe kitanda chake. Nikamwambia angoje.

Mchana akapita kijana mchuuzi wa nazi anayetoka Ndagoni na pikipiki, akaniteremshia mkeka. Mpya, mpana, wa rangi tatu, umesukwa na mikono mingi. Mahali wanapobadilishana naweza kuona, kila mmoja anavuta ukindu kwa nguvu zake. Ni wa kulalia. Umetoka kwa Tatu na wenzake, na maneno ya mdomo kwamba Alhamisi wanakaa barazani kwa Hadia kama kawaida, nyumba imeachwa wazi, chumba kiko, umeme upo, na nije na kitabu ambacho mwandishi wake ana karatasi za kutosha.

Niliuviringisha mkeka nikauegemeza ukutani. Kisha nikanywa dawa.

Baada ya Magharibi nimeichomeka betri tena. Taa ya chaja ni nyekundu. Nimeikunja nguo ya kulalia nikaiweka juu ya mkoba. Mwanakombo anapika muhogo wa nazi, na sufuria ndogo ya Faki iko pembeni inangoja fungu lake.